Kathini Apanda Mghange na Sufuria Tupu

Siku Kathini Muinde alipomwambia tajiri wake kwamba anaacha kazi, Muasya hakuinua hata macho kutoka kwenye gazeti.

"Unaenda duka gani?" alimwuliza.

"Siendi duka. Nitauza sufuria nyumbani kwa watu."

Hapo Muasya alikunja gazeti. Alimtazama Kathini kwa muda, akatazama na kile kiti kirefu cha plastiki nyuma ya kaunta ambacho Kathini alikuwa amekikalia miaka kumi na mmoja, akiandikia watu wa vioski risiti za sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. "Kiti chako nitakuwekea miezi mitatu," alisema. "Ukichoka kutembea, utarudi. Sitakucheka."

Muasya hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ile tabia ya kukuhurumia kabla hujaumia. Kathini alimshukuru, akachukua mkoba wake, akatoka kwenye jua la Voi. Aliapa moyoni kwamba atauza maji ya kunywa barabarani kabla ya kukalia tena kile kiti. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mabinti wawili shuleni, Mumbe na mdogo wake, na mume, Reuben, fundi wa mabomba ambaye aliposikia habari hiyo aliuliza swali moja tu: kama sufuria zenyewe zingelala ndani ya nyumba yao, na kama ni ndiyo, zingelala wapi.

Zililala chini ya kitanda, ndani ya sanduku jekundu lenye magurudumu. Sanduku hilo Kathini alikabidhiwa na Everlyne, msimamizi wa kampuni moja ya sufuria kule Mombasa, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kutangaza habari. Biashara yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mama mmoja anakubali kuwa mwenyeji, anaita majirani na marafiki nyumbani kwake; ajenti anakuja na sanduku lake la sampuli, anapika mbele yao, anawaonyesha jinsi sufuria ilivyo nzito chini na jinsi mfuniko unavyobana mvuke; wageni wanakula, wanafurahi, wanaagiza. Bidhaa zinafuata baadaye, na mwenyeji anapewa zawadi. Kampuni iliiita pati ya jikoni. Haikuwa na duka wala bango popote. Duka lilikuwa sebule za watu.

Masharti yalikuwa mafupi pia. Ajenti mpya alipewa siku tisini. Ndani ya siku hizo alete oda hamsini, na kaunti nzima ya Taita Taveta ingekuwa yake: kila sufuria ya kampuni iliyouzwa kuanzia Voi hadi mpakani ingepitia mikononi mwake, na maajenti wengine wangeanzia kwake. Asipofikisha, sanduku linarudi Mombasa na eneo anapewa mwingine. Everlyne alimwambia hayo akitabasamu. Kathini naye alitabasamu, maana hamsini ilikuwa nambari ndogo kwa mtu aliyezoea kuuza magunia.

Haikuwa ndogo. Pati ya kwanza ilifanyika kwa dada yake mtaa wa Mwakingali, na nusu saa nzima iliishia kwenye maswali. Watu wa Voi wamelizwa mara nyingi na matapeli wa "lete wenzako wawili", kwa hivyo mama mmoja alitaka kujua kama atalazimika kuleta watu, mwingine akataka kujua ofisi iko jengo gani, wa tatu akataka kujua kama Kathini amepoteza kazi au amefukuzwa. Oda nne. Pati ya pili ilikuwa kwa jirani yake aliye mhudumu hospitalini, oda saba, na hizo zilipatikana kwa sababu mvua ilinyesha na watu hawakuweza kutoka. Siku hamsini zilikuwa zimekwisha.

Ndipo Wakio alipompigia simu. Wakio, ambaye Kathini alimwita Mama Elsie kwa jina la bintiye wa kwanza, alikuwa na kioski huko juu Mghange, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akishuka Voi kununua bidhaa kwa Muasya. Walikuwa wamezoeana kwa namna ya watu wa kaunta: wanajua watoto wa kila mmoja kwa majina na hawajawahi kukaa pamoja.

"Nilikuja dukani nikaambiwa umehama," Wakio alisema. "Mama Mumbe, hata kwaheri?"

Kathini alimweleza habari ya sufuria. Wakio alisikiliza, kisha akasema, bila hata kuombwa, "Njoo kwangu Jumamosi. Nitakuitia kina mama wa huku."

Kathini alikata simu akacheza dansi kidogo kati ya kitanda na kabati. Alikuwa mtu wa bondeni, Mkamba aliyezaliwa na kulelewa Voi, na milima ya Taita alikuwa akiiona kila siku tangu utotoni bila kuipanda zaidi ya mara tatu. Lakini aliwajua kina mama wa kule kwa ununuzi wao: hawakopi ovyo, hawanunui takataka, na kitu wakikikubali wanakikubali kwa miaka. Alikaa na kijitabu cha kampuni, akakisoma ukurasa kwa ukurasa. Kijitabu kilisema: wavutie wageni kwa chakula kizuri. Basi Kathini alinunua kuku watatu na mchele wa pishori, akafunga viungo vyake mwenyewe, akapanda Mghange akiwa na nia ya kuwapikia watu pilau ambayo hawataisahau.

Na kweli hawakuisahau. Walikuja wanawake kumi na tisa, wamevaa vizuri, wakapanga viatu mlangoni. Kathini alipika, akaeleza, akafunua mifuniko, akafunika. Waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Kijitabu kilisema pia kwamba wageni wachezeshwe mchezo, kwa hivyo kila mtu alipewa kijiko chenye yai bichi alitembeze sebuleni. Nyanya Teresia, mwenye miaka sabini na minane, aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama kanisani kwa muda usiokumbukwa na mtu, alilipeleka yai lake mwisho wa sebule bila kutetemeka, akauliza kama ni lake sasa, akaambiwa ndiyo, akalitia mkobani.

Kisha wakala. Walikula vizuri, wakasifu kuku, wakasifu mkono wa mpishi. Kathini alifungua daftari lake la oda, akaliweka mezani, na kalamu juu yake. Hakuna aliyeligusa. Walikaa kidogo, wakaimba, Nyanya Teresia akaomba dua ndefu ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mgeni huyu aliyetoka mbali kuja kuwapikia, na ya kumlinda asije akapatwa na jambo kwenye zile kona za kushuka. Wakasimama. Mmoja baada ya mwingine wakampa mkono, na kila mkono ulikuwa na kitu: pakiti ya sukari, majani ya chai, kilo ya unga. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Hakuna aliyeagiza hata mfuniko.

Kathini alirudi Voi na pakiti kumi na moja za sukari. Reuben alizihesabu mezani, akamtazama mkewe, akazipanga kabatini.

Usiku huo hakulala sana, na siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Aliona haya, na aibu hiyo ikageuka hasira. Alijiambia kwamba wale kina mama walimfanyia mzaha. Walikuja kwa ajili ya kuku. Alijiambia kwamba Wakio angeweza kumwonya. Halafu Everlyne akapiga simu, na ile sauti ya kutangaza habari ilikuwa laini kuliko kawaida, jambo ambalo halikuwa dalili nzuri.

"Kathini dear, kuna kijana hapa anaitwa Stephen, ana pikipiki, ana nguvu, anaulizia Taita Taveta. Nimemwambia kuna mtu. Lakini zimebaki siku ishirini na nane na wewe una oda kumi na moja. Unataka nikusaidie kurudisha sanduku mapema? Si aibu."

"Zikiisha siku ndiyo uniulize hilo, madam," Kathini alisema. Alikata simu. Aliona wazi kabisa kile kiti cha plastiki, na Muasya akiwa amekipangusa vumbi.

Kilichomrudisha Mghange hakikuwa ushujaa. Lilikuwa beseni. Siku ile ya pilau aliondoka amechanganyikiwa kiasi kwamba alibeba beseni la Wakio pamoja na vyombo vyake, na Kathini hakuwa mtu wa kukaa na beseni la watu. Aliamua kulirudisha, kusema asante, na kumaliza urafiki huo kwa adabu.

Hakumkuta Wakio nyumbani. Aliambiwa yuko shambani, ni zamu yake leo. Kina mama wa pale walikuwa na desturi ya kulimiana: leo wote wanakwenda kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Kathini alishuka kwenye matuta na beseni lake kichwani, na kabla hajafika alisikia mabishano. Alisimama nyuma ya migomba.

"Ile ya katikati ndiyo ya familia," sauti moja ilisema. "Ile kubwa ni ya matanga."

"Wewe una watu wangapi nyumbani? Watatu. Chukua ndogo."

"Mimi nimeshachagua yangu tangu siku ya pilau," ilisema sauti ya tatu, nzito na ya pole, na Kathini akaitambua ni ya Nyanya Teresia. "Ile yenye masikio mawili. Msije mkanigusia."

Kathini alitoka kwenye migomba. Kina mama wote waliinua majembe na kumtazama. Hakuwasalimu kwanza, na hilo lilikuwa kosa, lakini moyo ulikuwa umemjaa.

"Mlizitaka," alisema. "Mlizitaka na hamkuagiza hata moja. Kwa nini?"

Wakio aliinama akaanza kuokota magugu ambayo yalikuwa yameshaokotwa. Mwisho Nyanya Teresia aliegemea jembe lake.

"Mwanangu, shikamoo huwa inatangulia," alisema.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Sasa nikuulize na mimi. Ulipanda mpaka huku na kuku wako. Ukatupikia. Tukala, tukashiba. Halafu nitoe pesa pale mezani, mbele ya sahani? Kwani ile ilikuwa hoteli?"

Kathini alishusha beseni kichwani.

"Mtu akikulisha, unampa asante yako na kitu cha mkononi," Nyanya Teresia aliendelea. "Ukianza kumlipa ndani ya nyumba aliyokukaribisha, umemwambia chakula chake kilikuwa cha kuuza. Mama Elsie hapa tungemvunjia heshima kwake mwenyewe. Yeye alijua. Ila naye angekwambiaje? Wewe ni mgeni, na umekuja na furaha yako."

Wakio aliinua uso, na uso ulikuwa na huzuni ya kweli. "Nilidhani utapitisha daftari kabla ya chakula," alisema. "Ulipoanza kupakua nikajua imeisha. Pole, Mama Mumbe."

Kathini alikaa chini kwenye tuta, beseni mapajani. Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja mbele ya watu hawa akidhani anawajua kwa sababu anajua wanachonunua. Kicheko kilimshika bila kutaka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kina mama, walipoona hajakasirika, wakacheka naye.

"Na jambo lingine," Nyanya Teresia alisema walipotulia. "Pilau hata kwenye bati inaiva. Mimi sinunui sufuria kwa kuiona ikipika pilau. Sufuria ni kimanga. Ikiweza kimanga, tutaongea."

Kimanga ndicho chakula cha Wataita: maharagwe na mihogo, au ndizi, au chochote kilichokomaa shambani, vinachemshwa mpaka vilegee na kupondwa humohumo ndani ya sufuria kwa mwiko, kwa nguvu, mpaka viwe kitu kimoja. Ni chakula kitamu na ni adui wa sufuria. Kinakula kuni, kinashika chini, kinaungua, na ule mwiko unapiga pande zote.

Walikubaliana Alhamisi. Na masharti safari hii yalitoka kwao. Hakuna mgeni na hakuna mwenyeji. Kila mmoja analeta chake, maharagwe huyu, mihogo yule, kuni wote. Kathini analeta sufuria tupu na anakaa.

"Nakaa tu?" aliuliza.

"Unakaa tu," alisema Nyanya Teresia. "Tena bila yai."

Alhamisi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Jikoni kwa Wakio, kibanda cha udongo kilicho nyuma ya nyumba, kulikuwa na meko mawili yamewashwa ubavu kwa ubavu. Kushoto iliwekwa sufuria ya Nyanya Teresia, nyeusi, iliyobonyea, yenye umri wa kuwa na wajukuu. Kulia iliwekwa ile ya kampuni yenye masikio mawili, inang'aa. Kila moja ilipewa maharagwe sawa na mihogo sawa, na vipande vinane vya kuni, vilivyochaguliwa kwa makini kiasi cha kugombaniwa. Kathini alikaa kwenye kigoda pembeni. Maneno yote ya kijitabu yalikuwa yamemjaa kooni na hakuruhusiwa kuyasema. Mara mbili alinyanyuka kuonyesha jinsi mfuniko unavyofungwa, na mara mbili Wakio alimvuta gauni akaketi.

Sufuria ya kulia ilitulia, haikupiga kelele, ikatoa mvuke mdogo pembeni. Ile ya kushoto ilichemka, ikafurika, ikazima moto, ikawashwa tena. Kuni nane za kushoto ziliisha. Wakaongeza mbili. Kulia zilikuwa zimebaki tatu pembeni, hazijaguswa, Nyanya Teresia alipofunua mfuniko, akachukua haragwe moja, akalibonyeza kati ya vidole. Likapasuka. Aliomba mwiko.

Huu ndio wakati Kathini alioogopa. Sufuria zile zilikuwa sampuli. Zilipaswa kurudi Mombasa bila alama, la sivyo angezilipia yeye. Na mwiko wa Nyanya Teresia ulikuwa mti wa kweli, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Mama mzee alikunja kitenge, akaweka miguu imara, vijana wawili wa kike wakashika yale masikio, na akaanza kuponda. Aliponda bila huruma. Alifumba macho, akaombea chuma.

Mapigo yalikoma. Alipofumbua, Nyanya Teresia alikuwa amesukuma kimanga upande mmoja na anakwangua chini ya sufuria kwa ukucha wake mwenyewe, polepole, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alikuwa akitafuta ukoko. Akaukosa. Akatafuta upande wa pili, akaukosa, na Kathini hakuona hata mkwaruzo.

"Haina ukoko," alisema, na uso wake haukufurahi. "Sasa wajukuu wangu watagombania nini?"

Jikoni kulilipuka kwa vicheko. Wakio alikuwa ameshachukua sahani, lakini Nyanya Teresia alimzuia kwa mwiko.

"Weka hizo chini. Hakuna anayekula sasa. Tumalize mambo ya sufuria kwanza, tukianza kula biashara imekwisha. Mama Mumbe, lete lile daftari lako. Mimi, yenye masikio mawili. Andika."

Kathini aliandika. Kwa haraka alikosea herufi za jina la Teresia. Oda ishirini na mbili ziliandikwa jikoni kwa Wakio huku kimanga kikipoa, na mama mmoja akaagiza mbili, moja yake na moja ya mkwewe, "ili aache kuniazima." Ndipo wakala, na Kathini alikula sahani mbili.

Hakuna aliyemwona Kathini Muinde siku zilizofuata bila sanduku lile jekundu. Alikwenda Wundanyi, nyumbani kwa binamu wa Wakio, ambako wageni walikuwa walimu na makarani, watu wa kuangalia saa. Safari hii hakubeba kuku wala kijitabu. Aliuliza kwanza: hapa mnapika nini kigumu? Kila mtu akaleta chake, yeye akakaa kwenye kigoda, na daftari lilipita kabla ya sahani. Oda tisa. Akateremka upande mwingine kabisa, Njukini karibu na mpaka, kwa wakulima wa mahindi na maharagwe, na huko siku ya pati iligongana na siku ya soko. Walikuja wanawake sita tu. Wakaagiza wanne. Kathini alijumlisha chini ya taa ya chumbani: arobaini na sita.

Siku ya tisini iliangukia Jumamosi. Na siku hiyohiyo sufuria za Mghange ziliwasili, na zilikuwa lazima zipelekwe, maana kina mama walikuwa wamelipia na wameambiwa Jumamosi. Everlyne alikuwa ameandika ujumbe asubuhi: orodha inafungwa saa kumi na moja jioni. Stephen yuko tayari. Kathini alikodi pikapu, akapakia maboksi ishirini na mawili, akapanda mlima akijua kwamba ana oda nne za kutafuta na hana pati yoyote iliyopangwa. Aliwaza kwamba huko juu atawaomba. Atapiga magoti ikibidi.

Kina mama walimpokea kwenye kioski cha Wakio, wakabeba maboksi wenyewe vichwani kupanda kijia hadi nyumbani kwake, kila mmoja lake. Yalifunguliwa, yakasifiwa, mifuniko ikagongwa kama ngoma. Kabla Kathini hajasema alichojia, mlango wa nyumba ulifunguliwa na Nyanya Teresia akamshika mkono.

"Leo kazi yako umemaliza. Leo wewe ni mgeni. Ingia ule."

Kathini alitazama simu. Saa tisa na robo.

"Nyanya, nina jambo dogo la daftari kwanza—"

"Chakula kimeshapakuliwa," alisema Nyanya Teresia.

Alielewa. Angekuwa bado yule wa pilau, angelitoa lile daftari. Alilitazama likiwa ndani ya mkoba, kalamu imechomekwa, na wale kina mama wote sebuleni ambao kila mmoja ana dada au jirani. Nne tu. Moyo ulimuuma kwelikweli. Kisha alifunga zipu ya mkoba, akanawa mikono, akaketi.

Alikula. Walimpa kimanga, kuku wa kienyeji na chai ya maziwa. Walimwuliza habari za mabinti zake na za Reuben, naye akajibu, na hakuitazama simu zaidi ya mara tatu. Saa kumi ikapita. Wakaimba. Akapewa kuku hai aliyefungwa miguu, wa kupeleka nyumbani. Saa kumi na nusu Nyanya Teresia alifunga dua, ndefu kama ile ya kwanza, na aliposema amina Kathini alikuwa ameshakubali moyoni kwamba imekwisha. Alishangaa kuona kwamba hakujuta.

"Sasa nje," alisema Nyanya Teresia. "Na daftari lako."

"Nje kuna nini?"

Mama mzee alimtazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Watu wako. Niliwatangazia kanisani Jumapili. Wako langoni tangu saa tisa na nusu. Wamekataa kuingia, maana wangeingia wangepewa sahani, na wakipewa sahani, basi."

Kathini alitoka mbio, kuku kwapani. Langoni, nje ya ua, kando ya kijia, wamesimama kwa mstari mmoja kwenye manyunyu ya mlimani, walikuwa wanawake kumi na wanne kutoka upande wa pili wa mlima. Wote walikuwa na njaa, na wote walikuwa wameamua. Wa kwanza alikuwa ameshika karatasi yenye majina ya wengine watatu ambao hawakuweza kuja.

Wakio alimpokea kuku. Kathini aliweka daftari juu ya nguzo ya lango na kuandika kwa mwendo ambao Muasya hakuwahi kuuona katika miaka yake yote ya kaunta. Arobaini na saba. Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Mvua ilidondokea wino, akafuta kwa kiwiko, akaandika ya hamsini kwa herufi kubwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Saa kumi na dakika hamsini simu ikalia. Ilikuwa Everlyne.

"Kathini, nafunga orodha. Nikupe pole au—"

"Hamsini na tatu," alisema Kathini. "Natuma picha za kurasa sasa hivi. Mwambie huyo Stephen atafute mlima mwingine."

Ile sauti ya kutangaza habari ikapoteza utangazaji wake wote. "Hamsini na tatu? Jamani, umefanyaje? Umewapikia nini hao watu?"

"Sikuwapikia kitu," Kathini alisema. "Madam, naomba nikupigie baadaye, watu wananyeshewa."

Akatia simu mfukoni, akageuza ukurasa, akainua uso kwa wale kumi waliobaki.

"Haya," alisema. "Anayefuata nani?"